Kutenganisha Kanisa na dola ni uhuru wetu, si adhabu yetu



Katika likizo ya mwaka juzi baadhi yetu tulitumwa kufanya uchungaji kwenye kigango kimoja kilicho mbali na makao ya parokia. Jumapili moja ilipangwa harambee ya kuezeka kanisa. Mgeni rasmi alikuwa mtia nia wa nafasi ya kisiasa, mtu ambaye tayari alikuwa na madaraka katika eneo lile. Baada ya Komunyo alipewa kipaza sauti. Alisimama kwenye mimbari ileile ambapo saa moja kabla lilikuwa limesomwa Neno la Mungu, akaeleza mipango yake kwa dakika ishirini, kisha akakabidhi bahasha na kuahidi bando hamsini za mabati. Vigelegele vikapigwa. Hata sisi, tuliokaa mbele na kanzu zetu nyeupe, tulipiga makofi.

Mwaka uliofuata tulirudi. Mabati yalikuwa yamefika na kufunika nusu ya kanisa. Lakini kijijini kulikuwa na manung'uniko. Kila kaya ilikuwa imechangia fedha za kisima, mwaka ulikuwa umepita, kisima kilikuwa hakijachimbwa, na aliyesimamia michango ile alikuwa mgeni rasmi wetu. Wazee wa jumuiya walimwomba katekista alifikishe jambo hilo kwa Paroko ili Kanisa liwasemee. Katekista alituangalia, akainua macho juu, akasema: "Tutasemaje, mafrateri, na mabati yake yapo juu ya vichwa vyetu?"

Tumelibeba swali la mzee yule hadi darasani, na ndilo linalotufanya tuandike. Kila mara mjadala wa Kanisa na dola unapozuka, tunasikia sauti mbili. Ya kwanza ni ya waamini wanaodhani kwamba kutenganisha Kanisa na dola ni mbinu iliyobuniwa na wasioamini ili Kanisa lifungiwe sakristia. Ya pili ni ya baadhi ya viongozi wa siasa ambao, askofu akigusa jambo linalowauma, husema upesi: "Msichanganye dini na siasa." Tunaona kwamba sauti zote mbili zimekosea, na kwa sababu moja: hazikumbuki ni nani aliyedai utengano huo kwanza, na aliudai kwa ajili ya nini.

Sarafu ya Kaisari

Ulimwengu wa kale haukutofautisha madhabahu na kiti cha enzi. Huko Misri Farao alihesabiwa kuwa mungu. Huko Roma Kaisari alishika pia cheo cha kuhani mkuu wa dini ya dola, na kufukiza ubani mbele ya sanamu yake ilikuwa alama ya uraia mwema. Wakristo wa kwanza walipokataa kufanya hivyo waliitwa watu wasio na mungu, na wengi wao waliuawa kama wahaini.

Katika ulimwengu wa namna hiyo Bwana wetu aliulizwa kama ni halali kumlipa Kaisari kodi (Mt 22:15-22). Aliomba aonyeshwe sarafu, akauliza sura iliyochorwa juu yake ni ya nani, kisha akawaagiza wamrudishie Kaisari kilicho chake, na Mungu kilicho chake. Mababa wa Kanisa walilifafanua jibu hilo kwa namna ambayo kila mwamini anaweza kuielewa. Sarafu ina sura ya Kaisari, kwa hiyo irudi kwake. Mwanadamu ameumbwa kwa sura ya Mungu (Mwa 1:27), kwa hiyo yeye mzima ni wa Mungu.

Maana yake ni kubwa. Kaisari ana haki ya kudai kodi, na Mkristo anapaswa kuilipa kwa uaminifu. Lakini Kaisari hana haki ya kudai dhamiri. Kuna sehemu ya mtu ambayo haimo katika daftari la serikali yoyote. Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo hili, karne nyingi kabla ya katiba zote tunazozisoma leo.

Maaskofu waliowakatalia wafalme

Mwaka 313, kwa makubaliano ya Milano, Konstantino na Licinius waliwapa Wakristo uhuru wa kuabudu. Mwaka 380 Kaisari Theodosi aliifanya imani ya Nikea kuwa dini rasmi ya dola. Wengi wakadhani shida zimekwisha. Kumbe aina nyingine ya shida ilikuwa inaanza. Kaisari aliyelilinda Kanisa alitaka pia kuliongoza. Aliitisha mitaguso, akapendelea upande mmoja wa mafundisho, akawafukuza maaskofu wasiomridhisha. Mtakatifu Athanasi wa Aleksandria alipelekwa uhamishoni mara tano, na mara nyingi waliomfukuza walikuwa watawala waliojiita Wakristo. Katika miaka hiyo mzee Hosius, Askofu wa Kordoba, alimwandikia Kaisari Konstansi barua ya kumwonya asiingilie mambo ya Kanisa, kwa sababu Mungu alimkabidhi yeye ufalme, na maaskofu amewakabidhi Kanisa.

Mwaka 390 majeshi ya Theodosi yaliua watu wengi huko Thesalonike. Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, alimtaka Kaisari afanye toba hadharani kama mwamini mwingine yeyote, na Kaisari akakubali. Tukumbuke kwamba Ambrosi hakutaka kutawala badala ya Kaisari. Alitaka Kaisari ajue kwamba damu ya watu ina mwenyewe, na kwamba mlangoni pa kanisa cheo hakimwondolei mtu wajibu wa kutubu. Angewezaje kusema hivyo kama angekuwa mtumishi wa Kaisari?

Mwaka 494 Papa Gelasi I alimwandikia Kaisari Anastasi barua ambayo wanahistoria wa Kanisa huirudia hadi leo. Alimweleza kwamba ulimwengu huu unaongozwa na mambo mawili, mamlaka takatifu ya maaskofu na uwezo wa wafalme. Kila upande una kazi yake. Katika mambo ya dunia askofu hutii sheria za mfalme, na katika mambo ya Mungu mfalme hupokea kutoka kwa askofu. Barua hiyo ilitoka kwa Papa, na iliandikwa ili kulinda uhuru wa Kanisa.

Pambano kubwa zaidi lilikuja katika karne ya 11. Wakati huo wafalme wa Ulaya walikuwa wakiwachagua maaskofu na kuwavika pete na kuwapa fimbo ya kichungaji kwa mikono yao wenyewe. Uaskofu ulikuwa na ardhi na mapato, kwa hiyo ulikuwa zawadi ya kisiasa, na wakati mwingine uliuzwa. Papa Gregori VII aliukataa mtindo huo. Mfalme Henry IV wa Ujerumani alipokaidi, Papa alimtenga na Kanisa, na Januari 1077 mfalme huyo alisimama siku tatu katika baridi nje ya ngome ya Canossa akiomba kusamehewa. Ugomvi haukuishia hapo. Ulitulizwa na mapatano ya Worms ya mwaka 1122, ambapo mfalme aliacha kuwavika maaskofu pete na kuwapa fimbo, na akakubali wachaguliwe kwa taratibu za Kanisa.

Kwa hiyo mtu akituambia kwamba kutenganisha Kanisa na dola ni wazo geni kwa Wakatoliki, tumwonyeshe makaburi ya watu wetu waliolipigania.

Makosa yetu

Uaminifu unatudai tuseme na upande wa pili. Kanisa lililodai uhuru wake lilichelewa kuwapa wengine uhuru huohuo. Baadhi ya Mapapa wa Zama za Kati walidai uwezo wa kuwavua wafalme taji. Mahakama za Kanisa ziliwahukumu wazushi na kuwakabidhi kwa watawala, zikijua kwamba watauawa. Baada ya matengenezo ya karne ya 16, Wakatoliki na Waprotestanti wote walitumia upanga wa dola wakati ulipokuwa mikononi mwao. Mapatano ya Augsburg ya mwaka 1555 yalimpa mtawala wa kila eneo la Ujerumani haki ya kuamua dini ya raia wake, na asiyetaka alitakiwa kuhama. Vita vya miaka thelathini vilivyoanza mwaka 1618 viliiacha nchi hiyo imejaa makaburi.

Kutokana na uchovu huo wa damu ndipo utengano wa nyakati zetu ulipozaliwa. Huko Marekani mchungaji Roger Williams, aliyefukuzwa na Waprotestanti wenzake wa Massachusetts, alianzisha mji wa Providence mwaka 1636 kwa msingi kwamba hakuna mtu atakayesumbuliwa kwa ajili ya imani yake. Yeye alikuwa mtu wa imani kali. Hofu yake ilikuwa kwamba bustani ya Kanisa itaharibika ikiwa ua kati yake na pori la dunia utabomolewa. Karibu na wakati huohuo, koloni la Maryland, lililoanzishwa na familia ya Kikatoliki, lilipitisha mwaka 1649 sheria ya kuvumiliana kati ya Wakristo.

Mwaka 1791 badiliko la kwanza la Katiba ya Marekani lilikataza Bunge kuweka dini rasmi au kuzuia watu kuabudu kwa uhuru. Na Januari 1, 1802, Rais Thomas Jefferson alitumia mfano wa ukuta kati ya Kanisa na dola katika barua yake maarufu. Tunaomba msomaji aangalie barua hiyo iliandikiwa nani: Wabaptisti wa Danbury, jimbo la Connecticut, kundi dogo la waamini walioishi chini ya kanisa rasmi la jimbo lililokuwa na upendeleo wa serikali. Walioutaka ukuta ule ni watu wa sala waliochoka kuomba ruhusa ya kusali.

Ufaransa ilifika hapo kwa njia yenye uchungu zaidi. Sheria ya Desemba 9, 1905 ilivunja mapatano ya mwaka 1801 kati ya Napoleon na Roma, ikaondoa mishahara ya mapadre iliyolipwa na serikali, na Kanisa likapoteza mali nyingi. Papa Pio X aliilaani sheria hiyo, na alikuwa na sababu, kwa maana ilitungwa kwa roho ya uadui. Lakini kuna jambo ambalo watunga sheria hawakulipima vizuri. Chini ya mapatano ya zamani, serikali ndiyo iliyopendekeza majina ya maaskofu. Sheria mpya ilipoondoa mishahara, iliondoa na haki hiyo. Februari 25, 1906 Pio X aliwaweka wakfu yeye mwenyewe maaskofu 14 wa Ufaransa katika Basilika la Mtakatifu Petro, bila kumwuliza waziri yeyote. Kanisa la Ufaransa lilipoteza nyumba likapata wachungaji wake.

Mtaguso ulifundisha nini?

Desemba 7, 1965, siku moja kabla ya kufungwa kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, zilitangazwa hati mbili zinazohusu jambo hili. Ya kwanza ni Dignitatis Humanae, kuhusu uhuru wa dini. Inafundisha kwamba kila mtu ana haki ya kutolazimishwa katika mambo ya imani, na kwamba haki hiyo imejengwa juu ya heshima ya mtu. Mtu hapewi na serikali, wala haipotezi kwa kuwa amekosea. Ya pili ni Gaudium et Spes. Katika namba 76 Mtaguso unasema kwamba Kanisa na jumuiya ya kisiasa, kila moja katika uwanja wake, vinajitegemea, lakini vyote viwili vinawahudumia watu walewale, na kwa sababu hiyo vinapaswa kushirikiana vizuri.

Namba hiyo ya 76 ina sentensi ambayo hatuisikii sana mimbarini. Mtaguso unasema kwamba Kanisa haliweki tumaini lake katika upendeleo unaotolewa na serikali. Tena liko tayari kuacha hata haki lilizozipata kihalali, ikionekana kwamba kuzitumia kunawafanya watu watilie shaka ukweli wa ushuhuda wake. Tuisome taratibu. Haisemi tuache upendeleo wa haramu tu. Inasema tuache hata kilicho halali, kama kinatuziba mdomo. Mtaguso umemjibu katekista wetu.

Sheria za Kanisa zimeliweka hilo katika vitendo. Kanoni ya 285 inawakataza mapadre kushika nyadhifa za umma zinazohusu kutumia mamlaka ya kiserikali. Kanoni ya 287 inawakataza kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa, isipokuwa pale mamlaka ya Kanisa itakapoona lazima kwa ajili ya kulinda haki za Kanisa au manufaa ya wote. Walei hawafungwi hivyo. Kazi yao ni kuingia katika siasa na kuitakatifuza kwa dhamiri iliyolelewa vizuri. Kwa hiyo kinachotengwa ni ofisi na madaraka. Imani ya raia haiachwi nje ya kituo cha kupigia kura kama mwavuli.

Majirani wawili

Hapa kwetu Maziwa Makuu tuna mifano miwili iliyo karibu na kumbukumbu za wazazi wetu.

Wa kwanza ni Kongo, wakati ilipoitwa Zaire. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilitaifisha Chuo Kikuu cha Lovanium kilichokuwa cha Kanisa. Mwaka 1972 ilipiga marufuku majina ya Kikristo, na ikaagiza matawi ya vijana wa chama tawala yafunguliwe hata ndani ya seminari. Maaskofu walipinga. Kardinali Joseph Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika sikukuu za kitaifa, na shule za makanisa zikachukuliwa. Miaka michache baadaye serikali ilishindwa kuziendesha, na mwaka 1977 ikakubali makanisa yazisimamie tena. Sisi tunaosoma seminarini tuwaze tu ingekuwaje tawi la chama lingekuwa linakutana katika bwalo letu la chakula.

Wa pili ni Rwanda, na huu unauma zaidi kwa sababu hapakuwa na mateso. Palikuwa na urafiki. Kwa miaka mingi Askofu Mkuu wa Kigali alikuwa mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala, na aliacha nafasi hiyo muda mfupi tu kabla ya ziara ya Papa Yohane Paulo II ya mwaka 1990. Mauaji ya kimbari yalipofika mwaka 1994, watu walikimbilia makanisani wakauawa humohumo, Ntarama, Nyarubuye, Nyange. Wapo mapadre, watawa na walei waliokufa kwa kuwaficha na kuwatetea ndugu zao, na damu yao ni heshima ya Kanisa. Hata hivyo sauti ya Kanisa kama taasisi ilikuwa dhaifu wakati ilipohitajika mno. Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na watu wake katika nchi ile.

Hatusemi kwamba kiti kimoja katika kamati ndicho kilicholeta mauaji. Tunasema kwamba aliyekaa mezani pa mtawala muda mrefu hupata shida kusimama na kumwambia kama Ambrosi alivyomwambia Theodosi. Kongo, mateso yaliwaamsha wachungaji. Rwanda, kiti cha heshima kiliwalaza usingizi.

Na sisi je?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inalinda uhuru wa kila mtu wa kuabudu na kueneza dini yake, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Watanzania tumezoea kusema kwamba serikali haina dini, wananchi ndio wenye dini. Ni urithi wa kumshukuru Mungu. Unamlinda Mkatoliki, unamlinda Mlutheri, unamlinda Mwislamu, na unamlinda anayefuata dini ya jadi. Haki tunayoidai kwa ajili ya kanisa letu tunapaswa kuidai kwa nguvu ileile kwa ajili ya msikiti wa jirani, la sivyo tunaomba upendeleo na kuuita uhuru.

Mtu anaweza kuuliza: mbona Kanisa na serikali vinashirikiana katika hospitali na shule? Jibu liko katika Gaudium et Spes. Mgonjwa anayelazwa katika hospitali ya jimbo ni raia yuleyule ambaye serikali ina wajibu kwake. Ushirikiano wa namna hiyo ni mwema ukiwa na mkataba ulio wazi, ukiwa na hesabu zinazokaguliwa, na ukiwa unamhudumia kila mtu bila kumwuliza dini yake. Hauhitaji mtu yeyote kushukuriwa kutoka mimbarini.

Mwingine atauliza: mbona maaskofu wanatoa matamko? Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa tamko kuhusu mkataba wa uendeshaji wa bandari, na tukasikia tena kwamba dini imeingilia siasa. Raia anaweza kukubaliana na hoja za maaskofu au kuzipinga, na huo ndio uzuri wa mjadala. Lakini kusema kwao hakukuvunja mpaka. Maaskofu hawakuomba wizara wala hawakumtaja mgombea. Walitoa maoni juu ya mali ya wananchi wote, kama kila raia anavyoruhusiwa. Mpaka unavunjwa padre anapotawala, au mtawala anapohubiri.

Na hapo ndipo tunaporudi kwenye bahasha. Anayetuambia tusichanganye dini na siasa siku ya tamko, mara nyingi ndiye anayeomba kipaza sauti siku ya harambee. Sisi wenyewe tunampa. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza zirudishwe shilingi za Kenya milioni 2.6 ambazo Rais William Ruto alikuwa amezitoa katika kanisa la Soweto jijini humo, akakataa na ahadi ya milioni 3 nyingine. Siku chache kabla maaskofu wa Kenya walikuwa wameikosoa serikali waziwazi. Wapo walioona kwamba Askofu Mkuu amewanyima waamini msaada. Sisi tunaona kwamba aliwahifadhia kitu cha thamani kubwa kuliko nyumba ya padre, yaani uhuru wa wachungaji wao kusema kesho kama walivyosema jana.

Tunajua ugumu ulipo. Kuna vigango ambako mvua ikinyesha Misa inasimama. Paroko mwenye vigango kumi na pikipiki moja hawezi kuhubiriwa na mafrateri wanaokula mara tatu kwa siku. Na mwanasiasa naye ni mwamini. Ana wajibu wa kuitegemeza parokia yake, na hakuna anayepaswa kumfukuza kanisani. Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache yanayowezekana.

Sadaka ya kiongozi ipokelewe kama sadaka ya mjane: iingie kikapuni au iandikwe kwenye daftari la parokia kama michango mingine, bila hotuba. Mimbari ibaki kwa Neno la Mungu tu. Mwenye salamu azitoe nje, baada ya Misa, na wa vyama vyote wapewe nafasi sawa au wasipewe wote. Katika miezi ya kampeni tusimwalike mtia nia yeyote kuwa mgeni rasmi wa harambee. Halmashauri ya walei iwasomee waamini mapato na matumizi, ili wajue kwamba jengo lao limejengwa na jumuiya zao. Na zaidi ya yote, tuwafundishe waamini kulitegemeza Kanisa wenyewe kwa zaka na michango, hata kama paa litachukua miaka minne badala ya mmoja.

Haya tunajiandikia kwanza sisi. Baada ya miaka michache, Mungu akipenda, tutapewa daraja takatifu na kupelekwa parokiani. Siku ya kwanza tutakuta jengo ambalo halijakwisha, na siku ya pili atakuja mtu mwema mwenye gari zuri akiuliza tunahitaji nini. Uamuzi wa siku hiyo unaanza kufanyika sasa, katika namna tunavyozoea kuishi na kidogo, na katika namna tunavyopiga makofi au kuacha kupiga.

Kisima cha kijiji kile, tunavyoandika haya, bado hakijachimbwa. Nusu ya pili ya paa imeanza kuezekwa na jumuiya zenyewe, bati moja moja, kila baada ya mavuno. Tuliambiwa kwamba Paroko alikwenda kwenye mkutano wa kijiji akaketi na wazee, akauliza kwa upole fedha za kisima zilikwenda wapi. Katekista alikuwa ameketi pembeni yake.